Kigoda cha Kuangalia Moto

Mama yangu ana maoni kuhusu kila kitu. Simu, kwa maoni yake, ni kifaa cha watu wavivu wa kutembea. Mwenye habari ya maana aje, akae, anywe uji, aseme. Serikali anaipenda lakini haiamini, kama mtu anavyompenda shemeji mlevi. Sayansi ni nzuri kwa watoto wa shule maana inawapunguzia kuzurura. Ila kwenye kazi hana mchezo. Mtu asiye na kazi anayojulikana nayo, anasema, hata akifa watu wanakosa cha kuongea msibani.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nafundisha Musoma, naishi Nyakato, hapo hapo mjini, na kila nikipata nafasi naenda nyumbani, upande wa Buhemba, ambako mama anaishi na mdogo wangu wa kiume, mke wake na mtoto wao mchanga. Zamani nilikuwaga nafika na hamu ya kubishana naye. Siku hizi nikifika, hata sijamwamkia vizuri, macho yangu yameshakwenda kwenye mikono yake. Inatetemeka. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika.

Na kinachoniuma ni kwamba najua kwa nini.

Kazi ya mama ni kuangalia. Kwetu wachimbaji wadogo wanachimba kwa ushirika, watu wanne hivi kwenye shimo moja. Mawe yanasagwa, unga unaoshwa, unachanganywa na zebaki, zebaki inaikamata dhahabu. Wanakamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cheupe cha kung'aa. Kidonge hicho kinachomwa kwenye mkaa: zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Sasa hapo kwenye kuchoma ndipo watu wanapoibiana, na ndipo damu inapomwagika. Kwa hiyo pale kwetu hawachomi bila shahidi, na shahidi anakuwa mama mtu mzima asiye na haraka na asiyemwogopa mtu. Tangu nikiwa sekondari, huyo mama mtu mzima ni mama yangu.

Wanakuja mchana. Wanaingia jikoni kwake, mlango unafungwa ili upepo usisumbue na wapita njia wasione. Kidonge kinawekwa kwenye kifuniko cha bati juu ya jiko, na mama anakaa kwenye kigoda chake, uso karibu kabisa na moto, haondoi macho mpaka kile cheupe kigeuke njano. Halafu anasema, "Nimeona." Likishatoka hilo neno, hakuna anayebisha. Nimewahi kuwaona wanaume walioingia wakitukanana wakitoka pamoja wakiulizana habari za watoto.

Mdogo wangu mwenyewe ni mmoja wa wenye shimo, na ungedhani wenzake wangemkataa mama kwa sababu hiyo. Wala. Siku moja, zamani kidogo, mdogo wangu alibana punje ya dhahabu kwenye ukucha, na mama akasema pale pale mbele ya wote: mwanangu, fungua mkono. Alimuumbua kweli kweli. Tangu siku hiyo hata watu wa mashimo ya mbali, Wakurya, Wasukuma, Wajita, wakawa wanaleta vidonge vyao kwa bibi aliyemkamata mtoto wake.

Basi mimi kila mwaka nasimama mbele ya darasa naandika ubaoni kwamba mvuke wa zebaki ni sumu, kwamba unaingia kwenye mapafu, unapanda kwenye ubongo, kwamba mikono inaanza kutetemeka, fizi zinatoka damu, mtu anakuwa mkali na msahaulifu. Wanafunzi wananakili, wanafaulu, wananishukuru. Na mama yangu anauvuta mvuke huo huo kwa pua yake kwa sababu ni mkweli. Angekuwa mwizi angekuwa mzima. Nikiliwaza hilo nasikia hasira mpaka masikio yanapata moto, na sijui nimkasirikie nani.

Nilianza kugundua kwenye kukamua maziwa. Mama alikuwa na ng'ombe wake mmoja mweupe, mkorofi, aliyekuwa hakubali mkono mwingine isipokuwa wa mama. Nikamkuta wifi, yule mke wa mdogo wangu, ndiye anakamua, mama amesimama pembeni anatoa maelekezo. Nikauliza kulikoni. Mama akasema ng'ombe amezeeka, amekuwa mpole. Ng'ombe alikuwa na mimba ya pili.

Nilimpeleka kwa daktari. Daktari akamuuliza umri, na mama alipoutaja tu, nikaona ameshapata jibu lake. Ni utu uzima. Nikamweleza habari za zebaki. Alinisikiliza kwa heshima, akasema inawezekana kabisa, ila kipimo chake hakipo huku, na hata kingekuwepo ushauri ungekuwa ule ule: mtoe kwenye moshi. Yaani nilitoka na kile kile nilichoingia nacho. Njiani mama akaniambia nisihangaike, yeye kila baada ya kuchoma anakunywa maziwa, na maziwa yanatoa moshi mwilini, kila mchimbaji anajua. Nikamwambia hayatoi. Akaniuliza kwani mimi nimeshachimba wapi.

Mdogo wangu naye ana namna yake. Hanibishii hata siku moja. Nikiongea anatikisa kichwa, anasema, dada nimekuelewa sana, kisha Jumamosi wanakuja na kidonge. Siku nilipombana akasema, kwa upole tu, nimtajie mtu mwingine mmoja ambaye watu wanne wanaweza kumwamini wasikatane mapanga. Hata sasa sina jina la kumpa.

Niliwaomba yeye na wenzake wachomee nje, nyuma ya zizi, upepo uchukue moshi. Wakakubali, Mungu awabariki, wakachoma nje mara moja. Mpita njia akaona, akasimulia kilabuni, na wiki hiyo hiyo mmoja wao alivunjiwa mlango akapigwa. Wakarudi jikoni, na sikuwa na uso wa kuwazuia.

Kipindi cha kampeni alikuja mgombea, akaahidi mtambo wa kisasa wa kusafishia dhahabu bila zebaki. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mama, aliyekuwa amekaa mbele na wazee, akaomba kipaza sauti, kikawa kinamtetemeka mkononi, akauliza kama huo mtambo uko wazi au umefunikwa. Mgombea akacheka, akasema, bibi, ni wa kisasa, umefunikwa kabisa, salama. "Basi hata wewe umefunikwa," mama akasema, akarudisha kipaza sauti. Uwanja mzima ulicheka, na mimi nikacheka. Mgombea alipita. Mtambo mpaka leo hatujauona, na mama bado anaulizwa na watu awarudie lile jibu.

Nikasema basi, nitafanya mwenyewe. Kuna kifaa kidogo, si cha ajabu: chungu cha chuma chenye mfuniko wa kukaza, na bomba linalotoka juu likainama kwenye beseni la maji. Unachomea humo ndani, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, zebaki inarudi kuwa matone kwenye maji. Nilimchorea fundi wa kuchomelea wa Manyamanyama, pale Bunda, nikamwendea mara kadhaa mpaka akakipatia. Nilikibeba kwenye basi mapajani. Nilijisikia mtu wa maana siku hiyo, niseme ukweli.

Wenye shimo wote wanne, mdogo wangu akiwemo, walikuja kuona. Matone ya zebaki yalipoanza kudondoka kwenye beseni walifurahi kweli, maana zebaki ni ghali. Lakini kadiri moto ulivyoendelea wakawa hawaangalii beseni tena, wanaangalia kile chungu kilichofungwa, na kila mmoja anamwangalia mwenzake. Tulipofungua, dhahabu ilikuwa imetoka na rangi ya kutu, na kiasi kidogo kimeganda kwenye chuma. Mkubwa wao akamgeukia mama, kama walivyozoea, akisubiri lile neno. Mama akainamia chungu, akainuka.

"Mimi sikuona kitu," akasema. "Mlifunika."

Jioni nilimkuta ameketi, nikamwambia amenivunja moyo. Akanijibu bila ukali kwamba teknolojia yangu ni nzuri, lakini imetengenezwa na watu wanaoaminiana, nami nimeileta kwa watu wasioaminiana, na zebaki haiwezi kuua upesi kama panga. Kile chungu sasa kinazuia mlango wa banda la kuku.

Baada ya hapo mama akaanza kusahau. Alikuwa anaanza kutoa maoni yake juu ya jambo fulani, anafika katikati, ananyamaza, anakasirika kama vile mimi ndiye niliyemnyang'anya sentensi. Fizi zikawa zinatoa damu. Na Jumamosi moja, wakati anasogeza mkaa na koleo, mkono ukaruka, kifuniko kikapinduka, kidonge kikaingia kwenye majivu. Sikuwepo, wifi ndiye aliyenisimulia. Walichekecha majivu yote, wakakipata, lakini mmoja wao akasema anaona kama kimepungua. Hakusema bibi ameiba. Alisema bibi amezeeka. Mama alinyanyuka kwenye kigoda, akatoka nje, akaenda kukaa kwenye jua.

Niliposikia hayo, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijiambia imekwisha, kile ambacho kemia yangu imeshindwa, tusi moja limeweza. Nikawa nalala vizuri Nyakato.

Halafu mama akanipigia simu. Mama, asiyetaka hata kuigusa, alimwambia wifi ambonyezee, akanipigia. Akasema njoo, kuna kazi.

Niliwakuta uani wote wanne, kila mmoja amekaa peke yake, hawaongei. Mmoja alikuwa na panga mapajani, na hakuwa amelileta kufyekea. Mawe yao ya wiki nyingi yalikuwa yametoa kidonge kimoja, na walikuwa wamekaa nacho tangu asubuhi bila kukubaliana nani aangalie. Mdogo wangu hakuweza kunitazama. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Nimewaambia wewe ni mwanangu," akasema. "Nimewaambia ulimfelisha mtoto wa mjomba wako na mjomba akaacha kukusalimia. Wamekubali."

Nikamwambia, mama, siwezi. Nilimwambia mbele yao wote kwamba ule moshi ndio umemfanya alivyo, kwamba mimi nafundisha hayo, kwamba wakitaka kuchoma wachome nje au wachome kwenye chungu changu, la sivyo wasichome. Niliongea muda mrefu. Walinisikiliza kwa adabu, kama daktari alivyonisikiliza.

Nilipomaliza, mama aligeuka tu, akaonyesha kwa mdomo upande wa jikoni. Wifi alikuwa ameshainama mlangoni anapuliza mkaa, mtoto mgongoni amelala, kichwa kimeegemea upande.

"Wewe ukikataa, atakaa huyu," mama akasema. "Watamkubali kwa shida, lakini watamkubali. Mwingine hayupo."

Nilimwambia wifi ampeleke mtoto mbali, aende mpaka kwa jirani. Nikaomba mlango uachwe wazi. Wakaangaliana, wakanikubalia kidirisha, ambacho ukubwa wake ni wa daftari. Nikajifunga kitenge puani, nikijua fika kwamba kitenge hakizuii mvuke wa zebaki hata kidogo. Nikakaa kwenye kigoda. Ni kifupi, magoti yanafika kifuani, na uso wenyewe unajikuta uko motoni.

Nilijaribu kubana pumzi. Mtu hawezi kubana pumzi muda wote ule. Nyuma ya ukuta nikamsikia mama ananiuliza kama imebadilika.

"Bado," nikasema.

Ikaanza pembeni, taratibu, weupe ukawa unakimbia na unjano unakuja nyuma yake. Nimefundisha jambo hilo miaka yote hii na sikuwahi kuliona kwa ukaribu ule. Ni zuri. Nilikasirika kwamba ni zuri. Nilipoinua kichwa, wanaume wanne hawakuwa wanaangalia dhahabu, walikuwa wananiangalia mimi.

"Nimeona," nikasema.

Wakapumua. Yule mwenye panga akaliegemeza ukutani, akaanza kumuuliza mdogo wangu habari za mvua. Waligawana bila neno baya, wakaniaga kwa heshima, na mkubwa wao akasema basi Jumamosi ijayo, mwalimu. Mdomo wangu ukasema sawa kabla sijaamua.

Nilitoka nje macho yanawasha. Mama alikuwa ananisubiri na kikombe cha maziwa, amekishika kwa mikono miwili, yanamwagika vidoleni, yanamwagika kwenye kitenge cha kanisani, na uso wake una furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu aliponyanyuka kwenye kile kigoda.

"Kunywa, mama," akaniambia. "Yanatoa moshi."

Nikapokea. Mwalimu wa kemia mimi, nikanywa yote.