Theluji ya Ganshoren na Zulia la Madame Josée

Nilikwenda Ubelgiji kwa sababu ya magoti ya mama. Kwa desturi yetu, binti akikaribia kujifungua, mama yake mzazi ndiye anayekwenda kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji na kumfunga tumbo. Lakini magoti ya mama yetu hayakuweza tena kupanda hata ngazi za kanisa, sembuse za ndege. Mdogo wangu Clémentine alikuwa Brussels na mumewe Floribert, na alikuwa na mimba ya nne. Tatu za kwanza zilitoka. Hii ya nne ilikuwa imefika mwezi wa nane, na daktari alikuwa amemwonya asibebe kitu kizito, asichoke, na zaidi ya yote asianguke.

"Weye njo yaya yake," mama aliniambia. Yaya kwetu ni dada mkubwa. "Mikono yako njo mikono yangu. Enda."

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Kwa miaka ishirini nimezoea kuwaambia watu cha kufanya, kuambiwa sijazoea. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akashangaa huko mbele.

Lubumbashi niliiacha mwanzoni mwa Januari, katikati ya mvua, miaka hii ya tisini ambapo kila anayesafiri hupewa barua na watu asiowajua. Sandukuni nilikuwa na samaki wadogo wakavu, uyoga mkavu, vitenge viwili, na kitambaa kizito cha kukandia ambacho mama alikitumia kwa kila mzazi wa ukoo wetu. Nilikiweka juu kabisa ili nikione kila nikifungua. Abiria tulilala njiani Kinshasa usiku mmoja, kisha tukaruka tena.

Asubuhi, uwanja wa ndege wa Zaventem, shemeji yangu Floribert alikuwa amesimama na koti kubwa mikononi, amelishika kama mtu anayetaka kukamata kuku.

"Yaya, vaa," alisema. "Mbele ya kusalimiana, vaa kwanza."

Nilivaa, ndipo tukasalimiana. Tulipanda treni hadi Gare du Nord, stesheni iliyozungukwa na majengo marefu ya vioo, na kutoka hapo tukachukua basi hadi Ganshoren. Ni mtaa mtulivu mno. Nilitazama dirishani muda wote nikitafuta mtoto anayecheza nje, nikaona paka mmoja tu.

Nyumba yao ilikuwa ya bibi mmoja mjane, Madame Josée, aliyeishi chini na kuwapangisha ghorofa ya kwanza. Alitufungulia mlango mwenyewe. Kabla ya kunitazama uso alinitazama miguu. Ukumbini lilitandikwa zulia jekundu, refu na jembamba, kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi.

"Miguu, madame," alisema kwa Kifaransa. "Hili lilikuwa la mama yangu."

"Ile tapis, yaya," Floribert alininong'oneza, "donc unapita pembeni. Miye miaka tatu napita pembeni."

Tulipita tumejibana ukutani kama wezi, mimi na sanduku langu. Moyoni nilisema: basi hapa zulia lina heshima kuliko mgeni. Lakini nilipofika juu na kumwona Clémentine ameketi na lile tumbo, mikono juu yake kana kwamba kuna mtu wa kumnyang'anya, nilisahau zulia na mwenye zulia. Tulilia kidogo, tukacheka, kisha nikaenda jikoni kupika.

Siku ya tatu Floribert alinipeleka Porte de Namur, pembeni mwa Matonge, mtaa wa Wakongo wa huko, ambako harufu ya pondu, yaani kisamvu, na mafuta ya mawese inakupokea ukitoka tu kwenye metro. Nilinunua viatu vya baridi vilivyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, na makayabo, wale samaki wa chumvi, kwa sababu Clémentine alikuwa na hamu nao kiasi cha kuwaota. Muuzaji, mama wa Bukavu, alitujazia katoni nzima pamoja na chumvi yake ya mawe.

"Mwambie adumbukize mu maji siku mbili, maman," alisema. "Sinon atakunywa maji ya muto yote."

Siku ya sita theluji ilianguka. Ilianza jioni, polepole, na Clémentine alinivuta dirishani nione. Nakiri ilinipendeza. Nilisema hata maneno ya Zaburi. Floribert alikuwa amekwenda kazini. Usiku aliwahudumia wazee katika nyumba yao ya kutunzwa, upande wa pili wa mji.

Saa kumi na mbili asubuhi alipiga simu. Mabasi yamesimama, alisema. Hata wenyeji wamechanganyikiwa, miaka mingi hawajaona theluji kiasi hiki. Angekuja kwa miguu.

"Na yaya, juma hii ni zamu yetu ya kusafisha mbele ya nyumba, juu bantu basiteleze. Madame Josée ni mukali na ile. Lakini muache, minakuya kuifanya."

Nilipoweka simu chini, niliamua kuifanya mwenyewe. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi nilikuwa siku ya saba bila jembe. Clémentine aliniita kutoka kitandani.

"Yaya, kuko pelle nyuma ya mulango ya chini. Tumikisha ile."

Beleshi! Nimefagia uwanja tangu sijaota meno ya pili, na sijaona mtu akifagia kwa beleshi. Kwetu kila mwanamke anajua: alfajiri unanyunyiza maji kwanza, vumbi litulie, halafu unafagia. Na hapa, nikawaza, kwa kuwa kitu chenyewe ni baridi, maji yawe ya moto. Nilichemsha sufuria tatu. Nilishuka nazo moja moja, nikipita pembeni mwa zulia, nikamwaga kwenye vidaraja vitatu vya ngazi ya mlango na kwenye njia yote hadi barabarani. Theluji iliyeyuka mara moja. Mawe yalitokea meusi, yanang'aa, wakati majirani wote walikuwa bado wamefunikwa. Nikafagia mabaki, nikapanda juu, nikanywa chai, nikajipongeza kwa sauti.

Saa moja na nusu nilisikia dirisha la chini likifunguka na Madame Josée akipaza sauti: "Mon Dieu! Madame, umefanya nini?" Sauti ile naijua, ndiyo ninayoitumia darasani. Nilishuka, nikaweka mguu mmoja nje, na mara nikawa nimeketi barabarani bila kujua nimefikaje. Maji yangu yote yalikuwa yameganda. Kutoka mlangoni hadi barabarani palikuwa kioo kitupu. Theluji ya majirani, mbaya na chafu, mtu angeweza kuikanyaga; usafi wangu haukukanyagika.

Nilikuwa bado chini, nikitafuta pa kushika, Clémentine alipoita kutoka juu.

"Yaya! Maji imetoka! Yaya, kuya!"

Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka, wiki tatu kabla ya siku. Nilitambaa hadi ndani kwa mikono na magoti. Sitaficha: niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Daktari alisema asianguke, na mimi, niliyetumwa kuwa mikono ya mama, nimekwenda kumwekea mtego mlangoni. Majuto ni mjukuu, lakini yangu hayakungoja kuwa mjukuu, yalizaliwa palepale.

Madame Josée alikuwa amesikia kelele na alikwisha kupiga simu. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani, linakuja polepole kwa sababu ya barabara. "Chumvi," aliniambia. "Leta chumvi yote."

Chumvi ya jikoni ilikuwa nusu pakiti. Ilifunika kidaraja kimoja. Nilisimama na pakiti tupu, na ndipo nikakumbuka katoni. Niliishusha, nikachukua makayabo mmoja mmoja, nikawapiga ukutani, nikawasugua juu ya barafu, chumvi ya mawe ikimwagika. Nilikuwa nimepiga magoti barabarani Ubelgiji, kitambaa kichwani, nasugua njia kwa samaki huku nalia. Mzee wa nyumba ya pili alifungua pazia, akatazama, hakulifunga tena.

Madame Josée alitoka na ndoo ya majivu kutoka jiko lake la makaa. Alimwaga kwa mkono, kama mtu anayelisha kuku, bila haraka. Barafu ilianza kupasuka sehemu moja moja, lakini vidaraja vilikuwa bado vinang'aa, na kwa mbali nilisikia king'ora.

Bibi akaviangalia vidaraja. Kisha akageuka, akaingia ukumbini, akapiga magoti, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, na kuanza kulikunja zulia la mama yake.

"Shika upande ule," aliniambia.

"Madame, hapana. Si hilo."

"Shika, madame."

Tulilitandika kutoka kizingitini, juu ya vidaraja, juu ya majivu na chumvi ya samaki, hadi ukingo wa barabara. Lilifika sawasawa. Wanaume wawili wa gari la wagonjwa walimbeba Clémentine kwenye kiti, wakakanyaga katikati ya zulia na viatu vyao vizito vyenye tope, na hakuna hata mmoja aliyeteleza. Clémentine alipoona miguu yao ilipokanyaga, pamoja na uchungu wote, alishituka.

"Yaya, tapis ya Madame!"

"Nyamaza, pumua," nilimwambia.

Saa nane mchana, hospitalini, mtoto alizaliwa, msichana. Floribert alifika baadaye kidogo, suruali imelowa hadi magotini. Alitembea mji mzima. Hakuuliza kama ni wa kiume au wa kike.

"Alilia?" aliniuliza. "Yaya, mutoto alilia?"

"Alilia. Kisha akatukana."

Alikaa chini palepale koridoni. Nilikaa naye, na tulimshukuru Mungu sisi wawili bila kutafuta maneno mazuri.

Siku ya nne Clémentine aliporudi nyumbani, njia ilikuwa imefunguliwa kwa beleshi. Niliifungua mwenyewe, Floribert alinifundisha, na ni kazi rahisi ukikubali kufundishwa. Nilitoa kitambaa cha mama, nikachemsha maji, nikamkanda mdogo wangu mgongo na tumbo kama inavyotakiwa, naye akipiga kelele kama inavyotakiwa. Kelele zile zilimpandisha Madame Josée juu. Kwa miaka mitatu hakuwahi kupanda ngazi zile. Alisimama mlangoni, akatazama kitambaa, mvuke, mikono yangu.

"Kumbe maji ya moto ni ya hapa," alisema, "siyo ya barabarani."

Tulicheka hadi mtoto akaamka. Clémentine alimwita aketi, akamwekea mtoto mapajani.

"Anaitwa Josée," alimwambia.

Mimi na Floribert tulitazamana. Jina la mtoto yule lilikuwa limekwisha kupangwa tangu mimba ya kwanza: angechukua jina la mama yetu. Bibi hakujua hilo, na hatukumwambia. Alimshika mtoto muda mrefu sana, akisahau chai yake. Alituambia hakujaliwa kupata mtoto.

Siku zilizobaki nilizitumia kwa zulia. Nililifua mara nne kwenye bafu, kwa brashi na sabuni. Majivu yalitoka upesi, tope likafuata, lakini harufu ya makayabo iling'ang'ania mpaka wiki ya pili. Nilipolitandika tena ukumbini, nilisimama pembeni kwa mazoea. Madame Josée akanishika mkono, akanipitisha katikati.

Februari nilirudi Lubumbashi. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mama, kwamba mjukuu aliyemngoja kupitia mimba nne ana jina la mwanamke mwingine. Nilimkuta ameketi ukumbini, magoti yamenyooshwa juu ya kigoda. Nilimsimulia yote, hata sufuria tatu, hata samaki. Jina nililiweka mwisho.

"Ile tapis," alisema. "Mulimurudishia ikiwa safi?"

"Safi, mama. Niliifua mwenyewe."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akanituma chumbani nikalete mkeka wake mpya, ule wa kutandikiwa wageni wakubwa, ambao sisi watoto hatukuruhusiwa kuukanyaga hata kwa miguu mitupu.

"Tafuta muntu mwenye anapanda ndege," alisema. "Umutumie huyu mama. Jina yangu nitapatia mwenye kufuata."

Nimejifunza kutumia beleshi. Nimejifunza pia kwamba mgeni anayekimbilia kusaidia kabla ya kuuliza anaweza kumuua mwenyeji wake kwa wema, na kwamba mtu mkali kuhusu miguu yako anaweza kuwa ndiye atakayekutandikia njia siku mbaya. Kila baridi ikiingia huko kwao namwombea bibi yule, na simwombei kwa maneno machache.

Juzi Clémentine aliandika. Mkeka ulifika salama, lakini haujawahi kugusa sakafu. Madame Josée ameutundika ukutani, juu ya zulia, na kila mgeni akiingia humwambia afute miguu kwanza ndipo autazame.