Kanisa Zima Mfukoni Mwangu

Nikiwaambia mapema kwamba nilijiaibisha mbele ya kanisa zima nikiwa nchi nyingine kabisa, labda mtanihurumia kidogo kabla hamjaanza kucheka. Kanisa mnalijua, lile letu la Bredäng, karibu na kituo cha treni ya metro, Wakongo kwa Warundi, na Kaka Otieno, Mkenya wetu wa vipaza sauti. Wao walikuwa kule Stockholm wakinywa chai baada ya ibada. Mimi nilikuwa kwenye milima ya Alpi, juu ya baiskeli.

Baiskeli nilijifundisha mwenyewe kwa video, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kukosa usingizi kwa ajili ya soksi zisizofanana, safari ile niliipanga hadi nikawachosha watu. Nilijua kila kona ya ile barabara inayovuka mlima, nilijua nitafika juu saa ngapi, na nilikuwa nimeapa sitashuka kwenye baiskeli hata mara moja. Mama akalitangazia kanisa, nikawekewa mikono kichwani, nikaombewa, na Mama Esta wa kwaya akanikaangia mfuko mzima wa maandazi ya njiani. Asubuhi ya kupanda nikaunyanyua ule mfuko, nikaona ni mzito, nikauacha hotelini. Hilo tu. Mengine yote yalianzia hapo.

Saa niliyoipanga ilipofika nilikuwa kwenye kona pana yenye kibanda cha kahawa, hoi kwa njaa, na kwa kuwa ratiba yangu ilisema muda huu niko kileleni, nikaiamini ratiba kuliko macho yangu. Nikapiga simu ya video. "Nimefika!" Kule ukumbini, kwenye skrini ile kubwa, wakaniona, Mama akapiga vigelegele, Mchungaji akainua mikono, Mama Esta akacheza na kikombe cha chai mkononi. Nikawapungia, nikagusa simu kwa kidole chenye glavu ili niikate, nikaitia kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, nikakizunguka kibanda.

Nyuma ya kibanda mlima ulikuwa unaendelea. Sana.

(Na ile glavu, kama mlivyokwisha kuhisi, haikukata kitu.)

Wenzangu wa klabu ya baiskeli walikuwa mbele, nami nikiwa peke yangu huwa naongea. "Ee Mungu, hata mahubiri ya Mchungaji huwa yana mwisho!" Nikakanyaga kona moja, kona nyingine, miguu ikawa kama si yangu. "Ningekuwa na yale maandazi ya Mama Esta ningeyala sasa hivi, magumu kama matofali, lakini ningeyala." Kisha nikasema lile baya zaidi, kwa sauti, huku pumzi zikinikatika: "Siwaambii. Wameshashangilia, yameisha. Mama hatajua."

"Nimejua," mgongo wangu ukasema.

Nusura niingie mtaroni.

"Pole, sista," ikafuata sauti ya Otieno. "Tulikuwa tumezima sauti yetu tu. Yako iko kwa spika, tangu mwanzo."

"Mahubiri yangu yana mwisho, asante," akasema Mchungaji, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Matofali!" Huyo Mama Esta. "Na hayo matofali uliyaacha wapi?"

"Hotelini, Mama Esta."

Hapo ndipo nikaanza kulia, tena kwa sauti, kwa sababu Mama alikuwa amejivuna mbele ya wote, na sasa mwanawe hajafika wala hawezi kufika.

"Furaha, mwana wangu," Mama akaniita. "Miguu ingali inasimama?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi shuka, usukume."

"Niliapa sitashuka."

"Uliapa kwa nani? Sisi tulikuombea ufike. Hatukuomba ufike umekaa."

Nikashuka. Nikasukuma, na Mama Esta (aliyetukanwa maandazi yake dakika chache tu zilizopita) akaanzisha wimbo, kwaya ikaitikia, mzee mmoja mwenye baiskeli akanipita akiutazama mgongo wangu unaoimba, kisha akaendelea kukanyaga kwa mdundo wetu. Nilipofika juu nikaitoa simu, nikaiegemeza kwenye baiskeli, nikakishika kibao cha kilele kwa mikono miwili ili waamini.

"Zungusha kamera," akasema Otieno. "Tuone nyuma yake kuna nini."

Kulikuwa na mteremko tu. Vigelegele vya Mama mara hii vilikuwa virefu kuliko vya kwanza.

Nimeapa upya, kiapo kidogo ninachokiweza: sitangazi kufika kabla sijakiona kibao. Ila Mama Esta hajasahau. Siku hizi hata nikienda mjini tu ananitilia maandazi mkononi na kusimama kuhakikisha nimeyala. Nayala yote. Bado ni magumu, lakini hilo nalisema simu ikiwa nimeiacha nyumbani.