Nusu Kidonge cha Wifi

Wifi yangu, fundi cherehani, alikuwa akikata kidonge chake cha presha kwa mkasi wa kazi. Nusu alimeza, nusu alimpa mama yake, yaani mkwe wangu.

"Presha yetu moja, mama. Nimeirithi kwako," alitania.

Niliona, nikanyamaza. Mimi mtu wa kuolewa tu.

Jumatatu kichwa kilimgonga wifi, macho yakaingia giza, akaangukia sare za shule alizokuwa akishona huku degedege likimtikisa. Daktari alisema presha ilipanda mno, ubongo ukavimba.

Amepona, wanasema. Jana alihangaika asubuhi nzima kutunga uzi kwenye sindano. Nikamtungia.

"Asante, dada," akaniambia. "Wewe umeolewa nyumba gani?"