Bambo la Mama Mkubwa na Vyuo Viwili

Naikumbuka siku moja pale Mlowo, mwanangu, msimu wa mahindi, nikiwa kijana mwenye majivuno ya kuwatosha vijana watatu. Nilikuwa nikimsaidia mama mkubwa, dada yake mama yangu, kununua mazao. Kazi yangu ilikuwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kudunga gunia ili uone kilichomo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemnasa mtu aliyejaza mahindi meupe juu na kuficha yaliyobunguliwa katikati. Nikajiona mpelelezi tayari.

Na upelelezi ndio niliotaka kuusomea. Vyuo viwili vilikuwa vimenipa nafasi ya shahada ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu na wahalifu. Kimoja kilikuwa katika jiji la mbali, ada yake karibu mara mbili ya mwenzake, na kijitabu chake kimejaa vijana wenye suti na miwani myeusi. Cha pili kilituma karatasi moja tu. Mimi nilishachagua suti. Mama yangu, mjane wa Itumba, alikuwa amekubali kuuza shamba lake la kahawa, na hakuwa na jingine.

Mchana nikamwonyesha mama mkubwa kile kijitabu. Alikipitia kurasa zote, maana hakuwa mtu wa haraka. Kisha akachukua bambo, akakidunga katikati mpaka kikatoboka.

"Haya baba, kimetoka nini?"

"Karatasi, mama mkubwa."

"Basi. Gunia la mahindi hununui kwa kutazama mdomo wake, ila shamba la mdogo wangu unaliuza kwa picha. Waliosoma huko wako wapi? Nenda Tunduma mjini, kwenye maofisi, ukawaulize."

Nilikasirika, sikufichi. Nilikwenda ili nimwonyeshe kuwa amekosea. Siku nne nilizunguka kwenye mabenki, kituo cha polisi na kampuni za malori, nikiuliza nani amesoma wapi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Askari mmoja akaniambia shahada peke yake haimvishi mtu sare. Nafasi zikitangazwa utaomba kama wenzako na depo, kwenye mafunzo ya uaskari, utakwenda kama wenzako. Kijana aliyemaliza chuo cha suti nilimkuta akiuza laini za simu. Hakuwa mvivu hata kidogo, ila miaka yote hakupelekwa ofisi yoyote kujifunza kazi. Akanihesabia pia kodi ya chumba, chakula na michango ambayo kijitabu hakikuigusa. Dada wa chuo cha karatasi moja alikuwa akichunguza wizi wa mizigo kwenye kampuni ya malori.

"Sisi fildi tulikwenda kila mwaka, mdogo wangu," alisema. "Hapa walinijua kabla sijamaliza."

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilirudi Mlowo nimeshusha mabega, nikachagua chuo cha pili. Mama hakuuza shamba. Kahawa ya kila msimu ilitosha kunilipia, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwisho.

Siku ya mahafali mlinzi wa getini alimzuia mama mkubwa, kwa kuwa alikuta chuma chenye ncha kwenye mkoba wake.

"Mama, hii silaha ya nini?"

"Si silaha. Hili ndilo lililomchagulia mwanangu chuo."

Mlinzi akacheka, akampisha na bambo lake. Nikalia nikiwa nimevaa joho, na sioni haya kusema. Mwezi haukuisha nikaanza kazi Tunduma, kwenye kampuni ile ile ya malori, na leo wachunguzi wake wa wizi wa mizigo mimi ndiye mkubwa wao. Nimeota mvi, na kahawa ya mama bado inachanua Itumba.

Basi mwanangu, sikuambii chuo cha bei ndogo ndicho chema. Hata mahindi ya bei ndogo hubunguliwa. Nakuambia udunge. Uliza gharama yote, si ada peke yake. Uliza kama chuo kinatambuliwa na kama kinapeleka vijana kazini kujifunza. Zaidi ya yote, watafute waliotangulia, uone wanakula wapi jasho la ile shahada. Ukikuta jibu baya, shukuru kwamba shamba halijauzwa.

Mungu akutangulie. Na siku dunia itakapokuja na bambo lake kukudunga wewe, ikute punje nzima mpaka chini.