Wanataka Nikiri Kwamba Mimi Ndiye Niliyempiga Dada Yangu

Admin, ficha jina langu. Na nyinyi mnaonijua, mkinitambua basi, nimechoka. Mimi ni binti wa miaka 23, Mkongomani niliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, sasa niko Marekani, Houston, mtaa wa Alief. Nasoma community college, mwaka wa pili, criminal justice, yaani mambo ya sheria na uhalifu, nataka kuwa polisi. Ndiyo, polisi. Nimeshachekwa sana, msijisumbue.

Naishi kwa dada yangu mkubwa, mume wake na watoto wao watatu. Asubuhi na-drive kwenda kuhudumia wazee, mchana niko darasani. Shemeji hajawahi kunipenda. Akiniona na vitabu anasema, "Polisi wetu, leo umetufunga wangapi?" Watu wanacheka, na mimi nacheka nao, mjinga mkubwa.

Jumapili moja tumetoka kanisani, dada anasonga ugali, shemeji akaanza: kwa nini umechukua gari bila kuniambia? Dada alijibu neno moja tu. Mwanaume akamnyang'anya mwiko, na ugali wa moto juu yake, akampiga nao usoni. Nyusi ikapasuka. Hakuwa ameanza siku hiyo kumpiga, ila ilikuwa mara ya kwanza mbele ya macho yangu. Nikapiga 911, namba ya dharura. Polisi wakaja, wakamtia pingu. Ametoka kwa dhamana, kesi inasubiri, na kwa kuwa hajapata uraia, akikutwa na hatia anaweza kufukuzwa nchini, arudishwe kwao.

Sasa kwetu mambo ya nyumba yanamalizwa kwenye kikao, si kwa polisi. Jumamosi mama alikuja kutoka Mesquite, huko karibu na Dallas, mchungaji naye akaja, zikaletwa soda na kuku. Shemeji amekatazwa na mahakama kusogelea ile nyumba, lakini alikuwepo, amekaa kwenye kochi lake kama hakuna kitu. Mchungaji akaomba, kisha akamwambia dada aseme. Dada, plasta bado iko juu ya jicho, akasema bila kunitazama, "Ni mdogo wangu ndiye alinipiga."

Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe wenzangu walishakubaliana zamani, mimi tu ndiye nilikuwa naletewa hukumu.

"Mdogo akimpiga mkubwa wake," mchungaji akasema, "anapiga magoti, anaomba msamaha, yanaisha. Jumatatu wewe na dada yako mtaenda kwa wakili wa shemeji yako, wewe ukiri hivyo hivyo, naye aape kwa maandishi ya kupelekwa kwa hakimu."

Nikasema, "Mchungaji, mahakama ya huku si kikao. Huku hupigi magoti yakaisha. Nikikiri kumpiga mtu, nani ataniajiri upolisi tena? Inanifuata mpaka kaburini."

Mama akadakia. "Wewe uko na kichwa, utasoma kitu kingine. Soma unesi kama watoto wa Wakenya. Hawa watoto watapata wapi baba mwingine?"

"Mama, unajua aliyempiga ni nani?"

"Najua. Nimekuuliza baba watampata wapi."

Jamani! Mama yangu mzazi, aliyenibeba mgongoni tukikimbia vita! Nililia pale mbele ya watu mpaka kamasi. Shemeji alikuwa anatafuna paja la kuku. Alipomaliza akafuta mdomo, akasema, "Kula basi, chakula kinapoa." Mchungaji akatabasamu.

Nikamfuata dada jikoni. Nilitaka tu aniambie wamemlazimisha. Nikamwambia, yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu, mimi ndiye nilikufuta damu. Akaendelea kuosha sahani. "Najua unachosema ni kweli," akasema. "Lakini wewe huna mume, huna mtoto. Ukianguka unaanguka peke yako. Mimi nikianguka tunaanguka wanne. Na nani alikutuma upige simu?" Basi. Hata pole hakunipa.

Leo binti yake wa miaka saba amenifuata chumbani, akaniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini nilimpiga mama yake. Siku ile alikuwa amekaa pale pale mezani, aliona kila kitu, alipiga kelele mpaka akatapika. Nikamuuliza, nani kakwambia ni mimi? Akanijibu, "Bibi said." Halafu akaninyima mkono nilipotaka kumshika. Yule mtoto nimemwogesha tangu anazaliwa.

Kuna kitu hawakijui. Simu ya 911 inarekodiwa, darasani tumesikilizishwa nyingi. Na kwenye simu niliyopiga mimi, nyuma ya sauti yangu, dada analia kwa Kiswahili, akimwita mume wake kwa jina la mtoto wao, "Baba Neema, utaniua!" Atatafutwa mkalimani, itasikika yote. Dada akiapa kwenye hayo maandishi ya hakimu kwamba ni mimi, atakayefungwa kwa uongo anaweza kuwa yeye, na watoto wabaki bila baba na bila mama.

Nikiwaambia leo, nawajua, watakaa kikao kingine watunge uongo unaofaa zaidi, na mzigo utabaki kwangu. Nikikataa kukiri na kunyamaza kuhusu hiyo rekodi, nitajiokoa, lakini nitakuwa nimemwangalia dada yangu akitembea kuelekea shimoni. Na ubaya wangu ndio huu, nausema hapa kwa sababu hamnijui: kuna upande wa moyo wangu unataka aape.

Ndugu zangu, msiniambie niombe, nimeshaomba. Jumatatu ni kesho. Nimwonye, au nimwache aape? Nishaurini kabla hakujakucha.