Tulivyomlipa Mama Tumpe msiba wake akiwa bado hai (Uyole, Mbeya)

Wakuu, salama humu ndani?

Natanguliza kabisa: hii sio chai. Huku Nyanda za Juu chai tunailima wenyewe, ladha yake tunaijua, siwezi kuja kuwapikia nyingine jukwaani. Nitakayosimulia nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyafanya kwa mikono hii hii. Malengelenge bado yapo.

Majina nimebadilisha. Majirani zangu mkijitambua, kaeni kimya mfurahie.

Mimi ni Mhehe, mtoto wa Kalenga, Iringa. Nilikuja Mbeya kutafuta maisha, nikafungua duka dogo la pembejeo hapa Uyole, Mungu si Athumani nikajenga kwenye mtaa ulio mlimani kidogo, juu ya barabara kuu. Ukisimama uani kwangu unayaona malori yote ya Tunduma na mashamba ya viazi mpaka macho yachoke. Pazuri sana.

Shida ilikuwa njia ya kupandia.

Haikuwa njia, lilikuwa korongo. Kila masika maji yanalikata, kila kiangazi sisi tunalisikitikia. Bajaji haipandi. Bodaboda anakushusha kule chini kwenye lami, anakwambia "malizia na miguu, boss". Mtungi wa gesi, mfuko wa saruji, mgonjwa, vyote vinapanda kichwani au mgongoni.

Vikao vya barabara tuliitisha mpaka aibu. Wanakuja watu wachache, wanailaumu serikali kwa zamu, wanapiga miayo, wanaondoka.

Sasa kwa ambao hamjaishi Mbeya, kuna kitu lazima mkijue hapa, ndio roho ya uzi wenyewe.

Msiba.

Msiba ukitokea, mtaa mzima unahamia kwa mfiwa. Wanaume wanakuja na jembe, sururu na chepe bila kuombwa. Wanawake wanakuja na kuni, ndoo na masufuria makubwa ya kikundi. Kaburi linachimbwa kwa kupokezana, na hakuna anayeondoka halijaisha. Usipokwenda misiba ya wenzako, wako atakuja nani? Mimi mgeni niliambiwa hilo siku ya kwanza, hata kabla sijaonyeshwa bomba la maji.

Aliyeniambia ni jirani yangu wa juu, Mama Tumpe.

Huyu mama ni mjane, mtu mzima, Mnyakyusa halisi. Miaka yote ameuza viazi sokoni Uyole. Kwenye misiba yeye ndiye mkuu wa jiko. Hakuna nyumba mtaani ambayo hajakesha akisonga ugali wa waombolezaji. Mdomo anao pia. Mimi tangu nimefika ananiita "Mhehe" tu, jina langu sidhani kama analijua.

Mwaka juzi aliteleza pale korongoni, akavunjika mguu. Ulipona, lakini vibaya. Anatembelea fimbo, na hospitali walimtaka awe anakwenda mara kwa mara kufanyishwa mazoezi. Ataendaje? Akishuka anabebwa mgongoni, akipanda anabebwa mgongoni. Akachoka kubebwa, akaacha kwenda. Sokoni ndio usiseme.

Mwanae Ambakisye anafanya kazi Iringa mjini. Kijana mzuri, anampenda mama yake. Akasema mvua hazitamkuta mama pale. Mwisho wa mwezi anakuja kumchukua akakae naye Iringa, chumba kishaandaliwa, na nyumba ya Uyole itatafutiwa mteja.

Mama hakutaka hata kusikia. Mumewe amezikwa nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba. Aliniuliza, "Mhehe, nikienda kwenu baridi ya huko nitaizoea, sawa. Na huyu baba yao nimwache na nani?"

Na kusema kweli hata kijana nilimwona ana hoja.

Basi, akafariki mzee mmoja wa kule juu kabisa. Siku ya mazishi gari lililobeba jeneza likakwama korongoni.

Wakuu, hakuna aliyeitisha kikao. Wanaume tuliteremka na zana za makaburini, huyu jiwe, huyu udongo, huyu ubao. Kwaya haijachoka kuimba, gari likapita. Tukajipangusa vumbi, tukarudisha nyuso za majonzi, tukaendelea na ratiba.

Mama Tumpe alikuwa amekaa mlangoni kwake anatutazama. Ulikuwa msiba wa kwanza mtaani yeye hayupo jikoni.

Kesho yake nikampitishia unga. Akaniambia, "Yule mzee amepandishwa kwa gari kama mkuu wa mkoa. Mimi niliye hai napandishwa mgongoni kama mzigo wa kuni."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili ile kikundi cha misiba kilikuwa na kikao, akaomba kifanyike uani kwake kwa kuwa hawezi kushuka. Mwenyekiti wa kikundi ni Mzee Asajile, mtu wa utaratibu, kwake yeye hata utani unatakiwa kuwa kwenye ajenda. Ajenda zilipoisha, Mama Tumpe akasimama na fimbo yake.

Akamuuliza, "Asajile, mkeo alipofariki, jikoni alilala nani?"

"Wewe."

"Mimi nikifa utakuja na jembe?"

"Mama Tumpe, maneno gani hayo. Nitakuja, ndiyo."

"Basi njoo nalo Jumamosi. Nyote njooni nayo. Msiba wangu naudai sasa hivi nikiwa naona. Mnitengenezee njia. Siku nikifa msije, mtakuwa mmeshamaliza."

Wazee wakaanza kunong'ona kwamba huo ni uchuro, mtu hajitabirii. Mzee Asajile akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Niliona kabisa anataka kukataa. Lakini atakataaje? Kila aliyekaa pale alikuwa na marehemu wake ambaye mama yule alimsongea ugali.

Mwisho akasema, "Jumamosi nitakuja. Na ile siku nyingine nitakuja pia, hata ukinikataza."

Ndio ikawa imepita hivyo.

Wiki ile tukahangaika. Jirani mmoja anayechimba msingi akatuachia kifusi chake chote, kwanza tulimpunguzia kero. Mimi nikaenda mjini kwa Jayesh, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi ninakochukulia mabomba ya umwagiliaji. Jayesh kila msiba wa mteja wake hutuma sukari. Nikamweleza kila kitu. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo huyu mama anakula sukari yake mwenyewe?" Nikamwambia ndivyo. Akacheka mpaka akakaa. Akatoa sukari, na juu yake karavati mbili za kupitishia maji zilizokuwa zimekaa nyuma ya ghala, moja ina ufa kidogo. Akasema huo ni mchango wake wa msiba, nisimletee hesabu yoyote.

Jumamosi asubuhi nikatoka na sururu begani. Njiani tulikuwa mimi, Mzee Asajile na vijana wachache wa bodaboda. Nikaanza kuishiwa nguvu. Niliona ni yale yale ya vikao.

Mama Tumpe hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Fungeni turubai."

Tukafunga turubai la kikundi uani kwake, tukawasha mafiga makubwa, moshi ukapanda.

Wakuu, mtu wa Mbeya hawezi kuona turubai akapita. Haiwezekani. Walianza kutokea mmoja mmoja, wengine wamejifunga khanga kabisa, wakiulizana nani tena. Wakimkuta Mama Tumpe amekaa kwenye kiti chini ya turubai anachambua mchele, wanashtuka, wanacheka, wanapewa jembe. Mpaka jua linachangamka, mtaa wote ulikuwa korongoni.

Ile raha niliyoisikia siwezi kuieleza. Nikapiga picha uani pale: turubai, moshi, masufuria, wanaume na majembe. Nikaiweka status. Sikuandika neno lolote. Nikaiacha simu ndani kwenye chaji, nikashuka kazini.

Kumbukeni hiyo picha.

Kazi ilipigwa kwa utaratibu ule ule wa makaburini. Unachimba, ukichoka mwenzio anakupokea, hakuna kukaa kizembe. Mtaro ukachimbwa pembeni, karavati zikalazwa pale maji yanapokatiza, mawe, kifusi, tunashindilia. Kwaya ikaimba, ila nyimbo za harusi. Mimi nilitaniwa siku nzima, "Kalenga, jembe hilo, unalishika kama mkuki." Mzee Asajile alikuwa anasimamia ule mtaro kana kwamba atazikwa humo yeye.

Chakula kikawa wali wa Ubaruku, ule ukiiva unanukia hadi kwa majirani wa mtaa wa pili. Nao wakaja. Wakapewa machepe.

Alasiri tukiwa tunamalizia sehemu ya juu, tukaona IST nyeupe inapanda kutoka kule chini, taa imewasha, haipunguzi. Tukaruka pembeni. Ikavuka karavati, ikakata kona ya migomba, ikaenda kusimama mlangoni kwa Mama Tumpe. Gari la kwanza kufika mlangoni pale tangu nihamie mtaa huu. Vijana wakapiga vigelegele.

Mlango ukafunguliwa, akashuka Ambakisye, analia kama mtoto.

Na nyuma yake, wakuu, akashuka dada yangu wa tumbo moja, kajifunga khanga kiunoni, kwikwi zimemshika.

Dada yangu anaishi Iringa mjini, anasali kanisa moja na Ambakisye. Aliona status yangu, akamwonyesha Ambakisye, naye akautambua ua wao. Turubai kwa Mama Tumpe, wanaume na majembe, hakuna maelezo. Wewe ungeelewaje? Wakanipigia mimi, simu iko ndani. Wakampigia mama, na simu yake huwa inazimwa ili "isiishe". Wakaingia barabarani. Mafinga wanalia, Makambako wanalia, Igawa wamenyamaza kwa kuchoka, Uyole wameanza upya.

Ambakisye alikimbilia chini ya turubai. Akamkuta mama yake ana sahani mkononi, anamalizia mfupa.

Akapiga magoti, akamshika miguu.

Mama akamtazama. "Kafa nani?"

Hata waliokuwa wanacheka waliacha. Mimi nilikuwa natafuta pa kujificha, na dada yangu alishaniona.

Mama akaweka sahani chini, akampapasa mwanae kichwa. Akasema taratibu, "Pole mwanangu. Gari umeliacha wapi?"

"Si lile pale, mama."

Akaonyesha kwa kidole, na hapo hapo akajisikia alichosema. Siku zote akija anaegesha kule kwenye lami, anapanda kwa miguu huku viatu kavishika mkononi. Akageuka. Akaiangalia IST yake imesimama mlangoni, chini haijakwaruzwa. Akaiangalia njia yote hadi chini, na watu wote wamesimama pembeni na majembe, wana vumbi mpaka kwenye kope.

Mama Tumpe akamwambia, "Haya. Sasa nitajie sababu nyingine ya kunihamisha."

Yule kijana alikaa chini kwenye vumbi, akawa analia na kucheka kwa pamoja. Sijui nyie, mimi machozi yalinitoka na sikuyaonea aibu. Mzee Asajile aliaga kwamba anakwenda kuangalia mtaro.

Baadaye Mzee akarudi na chepe, akamkabidhi Ambakisye. Mtaani kwetu anayechelewa msibani anamalizia kufukia. Kijana akavua viatu vya kanisani, akafukia. Mimi dada yangu alinisema hadi jioni, na ninaandika haya bado hajanisamehe vizuri.

Jumatatu Ambakisye akarudi Iringa. Peke yake.

Mvua zimekuja. Zilikula upande mmoja wa mtaro, tukatoka tena tukarekebisha, safari hii bila turubai. Mama Tumpe anakwenda mazoezi yake kwa bajaji inayomchukua mlangoni, na siku za soko ukipita Uyole utamkuta kwenye viazi vyake, anabishana na wateja. Juzi wazee wa mtaa wa pili wamekuja kumuuliza utaratibu, nao wana daraja bovu na bibi mmoja mwenye mdomo.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Watu wetu sio wavivu na wala sio wabinafsi kama tunavyotukanana humu mitandaoni. Tunajua kabisa kubebana. Tumezoea tu kumsubiri mtu afe ndipo tuchukue jembe.

Karibuni kwa maoni, mnaotaka kunisema kuhusu ile status pia karibuni, nimeshazoea. Ila kabla hujaandika, mfikirie mtu mmoja mtaani kwako ambaye unajua kabisa siku akifa utakwenda kumchimbia kaburi. Tuambie hapa, akiwa hai anahitaji nini, na Jumamosi hii una ratiba gani.