Maua ya Giligilani

Mtu akikatakata giligilani karibu yangu, hata leo, sioni meza wala kisu. Naona ua wetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, asubuhi ya umande, na madebe ya bati yamepangwa kando ya kihenge. Kwanza huja harufu, halafu ua, halafu watu, mmoja mmoja, taratibu, kama wanatoka ndani ya moshi wa jiko. Wifi yangu huwa wa kwanza kutoka.

Alikuja kwetu na mvua za kwanza. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, na alikuwa ameolewa Nyalikungu, kule Maswa mjini, nyuma ya maduka. Mumewe alimrudisha kwa sababu hakuzaa. Ng'ombe wa mahari wakarudi walikotoka. Mume wangu aliwaswaga mwenyewe. Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, natapika hata nikinusa kuni. Wifi aliingia uani na nguo zake kwenye rambo moja, akalitazama tumbo langu, akasema, "Basi nimekuja kwa wakati wake." Nilimpenda hapo hapo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka tuliyoyazoea na rafu tupu yalijaa sabuni, vitenge na viungo vya pilau, na magari ya watu binafsi yalianza kuja kununua pamba, ambayo tangu tuzaliwe tuliipeleka ushirika tu. Wifi akanunua kipakiti cha giligilani nzima, na mimi nikakaa kungoja pilau. Pilau haikuja. Alizimwaga zile mbegu juu ya mkeka, akaziviringishia chupa ya soda mpaka kila moja ikapasuka vipande viwili, akaziloweka, na kesho yake akazifukia kwenye madebe. Nilidhani Nyalikungu wamemrudisha akili nusu.

Jani lile ndilo lililonirudishia chakula. Alilinyunyizia kwenye maharage, kwenye dagaa, hata kwenye nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo nilikuwa siwezi kuyaona. Nikala. Nikalala mchana chini ya kihenge, nikiota mambo ya kijani tupu, na nikiamka mikono yangu inanukia.

Wifi alikuwa na sheria zake. Madebe yakae penye kivuli jua likiwa kali. Mbegu zisipandwe zote siku moja, ili debe hili likichoka lile liwe linaanza. Tuchume majani ya pembeni, ya katikati tuyaache. Na shina likitoa shingo, ndivyo alivyokiita kile kibua chembamba kinachopanda juu huku majani yake yakigeuka kuwa nyuzi, likatwe kabla maua hayajafunguka. "Likishatoa maua linajiona limemaliza kazi," aliniambia. "Ukilikata linasahau, linaanza majani upya."

Mume wangu ni mtu wa pamba, na mtu wa pamba ana macho ya pamba. Siku moja, kwa wema wake wote, alizipunguzia zile giligilani kama anavyopunguzia shambani, akaacha miche miwili miwili, mbali mbali. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. "Mdogo wangu, hii inapenda kubanana!" Kweli, jua lilipiga ule udongo mtupu, ukapata moto, na miche ikakimbilia kutoa shingo na vimaua vyeupe. Mume wangu akafurahi. Kwetu ua ni mavuno. Mtoto akichuma ua la pamba anachapwa. Alikuwa bado anayatazama yale maua wifi alipokuja na kisu akayakata yote. Mume wangu alibaki amesimama na jembe lake, uso umembadilika.

Hapo ndipo aliponipata mama mmoja jirani yetu, au tuseme ndipo alipompata mume wangu. Shamba lake lilipakana na letu, na macho yake yalipakana na kila kitu chetu. Pamba ilikuwa imeanza maua. Akamsimamisha mume wangu mpakani na kumwambia, sauti ya kutosha mimi kusikia, "Mwanamke ambaye hakuzaa anakata maua kila siku nyumbani kwako. Pamba yako iko kwenye maua. Na mkeo ana tumbo. Mimi nimesema tu." Nilimchukia mama yule, na namchukia kidogo hata sasa.

Mume wangu akachukua jembe lake akarudi nyumbani. Jioni ile, tukiwa tunakula, alisema bila kumtazama dada yake kwamba pamba ikishauzwa itakuwa vizuri aende kukaa kwa mjomba wao kule Sola, ambako kuna shamba kubwa na watu wachache. Wifi alisema, "Sawa." Akanawa mikono, akatoka kwenda kwenye madebe yake. Mimi nilimwambia mume wangu kwamba wifi akiondoka, yeye mwenyewe ndiye atakayenipikia, na ndiye atakayenishika mgongo siku ya kujifungua ikifika. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Ni kwa ajili ya mtoto." Aliogopa, na hofu yake ilinikasirisha kwa sababu na mimi nilikuwa nayo.

Nilimfuata wifi nje. Alikuwa anakata shingo kama kawaida, kidole gumba na cha shahada, tik, tik, na harufu imejaa uani. Nikamuuliza kama asingeweza kuacha, walau kwa siku hizi chache, watu wanyamaze.

"Huu ni mmea wa msimu mmoja, wifi," alisema. "Utakufa tu. Mimi nauchelewesha, ili wewe ule."

Halafu malaria ikamwangusha. Alilala chumba cha nyuma, anatetemeka chini ya mablanketi yetu yote, na nje mvua na jua vikipokezana, madebe yakaanza kutoa shingo. Mimi tumbo lilikuwa limeshanikataza kuinama. Nilikaa mlangoni nikiziangalia zinapanda, na nililia kwa ajili ya majani, kitu ambacho nikikisimulia watoto wangu hucheka.

Asubuhi moja niliamka kitanda kikiwa baridi upande wa pili. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya pamba. Mume wangu alikuwa amechuchumaa kando ya kihenge, mgongo kwangu, vidole vyake vinene vya jembe vinatafuta shingo moja moja kati ya majani. Alikuwa anakata polepole na vibaya. Jirani akatokea njiani na ndoo, akamwamkia kwa Kisukuma, kama mama anavyomwamkia mwanawe.

"Mwangaluka, ng'wanone."

"Mwangaluka, mayu."

Mama akasimama, akamtazama mikono. "Unafanya nini hapo?"

"Tunakata maua, mayu," alisema mume wangu, bila kuinuka. "Yasipokatwa, majani yanakwisha."

Tunakata. Nilishika mlango. Hakusema anakata dada, wala nakata mimi. Yule mama akahamishia ndoo mkono wa pili, akaenda zake.

Nilirudi ndani, chumba cha nyuma. Wifi alikuwa macho, homa imeshuka, midomo imemkauka.

"Nani yuko nje?"

"Mdogo wako. Anakata maua."

Aligeukia ukutani, bega lake likawa linatikisika. Kisha akasema, "Mwambie aache shina moja lizae. Tupate mbegu za mwakani."

Nikatoka nikamwambia. Alikuwa bado amechuchumaa, umande umemlowesha mikono hadi viwikoni.

"Nimeshaliacha," akasema.